Njia ya Maweni: Safari ya Watoto Watatu Kwenda Kumwona Baba Yao

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Tanga ina urefu wa takriban kilomita 350, na kila aijuaye huikumbuka kwa jambo lake. Mfanyabiashara huikumbuka kwa machungwa ya Muheza. Mwanafunzi wa elimu ya dini huikumbuka kwa madrasa na vyuo vya Tanga, mji ambao tangu zama za wazee wetu umekuwa ukitoa walimu wa Qur'ani wa kwenda pwani na bara. Mpenzi wa lugha hukumbuka kuwa huko Tanga, katika kijiji cha Vibambani, ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Lakini wapo wasafiri wengine ndani ya mabasi yale yale, wasiopenda kuulizwa waendako. Hao huteremka Tanga na kuuliza kwa sauti ya chini njia ya kwenda Maweni.

Maweni, kama jina lenyewe lisemavyo, ni mahali pa mawe. Ni sehemu ya Jiji la Tanga, eneo ambalo ardhi yake ina miamba ya chokaa, jamii ya miamba iliyofanya mapango mashuhuri ya Amboni upande wa kaskazini. Hapo ndipo lilipo Gereza Kuu la Maweni. Magereza makubwa ya nchi yetu yametawanyika mbali mbali: Ukonga liko Dar es Salaam, Isanga liko Dodoma, Butimba liko Mwanza, Uyui liko Tabora, Ruanda liko Mbeya, Karanga liko Moshi na Lilungu liko Mtwara. Mtu akishahukumiwa hupelekwa panapoonekana kufaa kwa kifungo chake, na si lazima pawe karibu na kwao. Kwa hiyo mtoto wa Mbagala aweza kulala Mbagala na baba yake akalala Tanga, na mtoto wa Tanga akalala Tanga na mama yake akalala Dodoma.

Mwezi wa Rajabu Kamati ya msikiti wetu ilinituma mimi, katibu wake, niwasindikize watoto watatu na bibi yao kwenda Maweni. Majina yao siyataji, na kosa la baba yao silitaji pia, kwa kuwa mahakama ilikwishalisikiliza na kulitolea hukumu, na watoto hawakuwamo katika hati ya mashitaka. Itoshe kusema kuwa wa kwanza ni mvulana wa miaka kumi na mmoja, wa pili ni msichana wa miaka minane, na wa tatu ni mvulana wa miaka mitano. Mama yao aliachika kabla ya kesi na ameolewa kwingine. Mlezi wao ni mama mzaa baba, mwanamke wa makamo ya uzee ambaye huamka saa tisa za usiku kukaanga vitumbua. Mwanawe alikuwa na mwaka na miezi kadhaa gerezani, na wajukuu hawajamwona hata mara moja. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, pamoja na chakula na malazi, ilikuwa juu ya uwezo wa karai la vitumbua.

Kutoka Mbezi hadi Segera

Tuliondoka kituo cha mabasi cha Mbezi baada ya Sala ya Alfajiri, siku ya Jumamosi. Watoto walikaa na bibi yao kiti cha watu watatu, mdogo akiwa mapajani, nami nikakaa ng'ambo ya njia. Tulipita Kibaha, kisha Mlandizi, na jua likatukuta Chalinze, pale barabara zinapoachana: moja ikielekea Morogoro na mikoa ya bara, nyingine ikipinda kaskazini kwenda Tanga na Arusha.

Ilikuwa hapo Chalinze, basi liliposimama na wachuuzi wakainua mabeseni ya mahindi na maji madirishani, msichana aliponigeukia na kuniuliza:

"Ustadhi, Muscat huendwa kwa basi?"

Nikamtazama bibi yake. Bibi akatazama dirishani.

Msomaji yafaa aelewe swali hilo lilikotoka. Siku baba yao alipohukumiwa, watoto waliambiwa kuwa baba amesafiri kwenda Muscat kutafuta maisha. Katika mitaa yetu ya pwani neno hilo huaminika upesi, maana kila ukoo una mtu wake Omani au Dubai. Limekuwa pazia la misiba mingi ambayo watu hawataki kuisema. Bibi alilitumia kwa huruma, akitaraji kuwa siku zitapita na mtoto atasahau kuuliza. Lakini msichana huyu yuko darasa la tatu, na mwalimu wake amekwisha kuwaonesha ramani. Alijua kuwa baina yetu na Muscat kuna bahari.

Tulikuwa tumekubaliana na bibi tangu nyumbani kuwa ukweli utasemwa kabla hatujafika, na atakayeusema ni yeye, kwa kuwa ndiye mlezi na ndiye watakayebaki naye. Alikuwa akiutafutia mahali pake. Basi lilipoanza tena kwenda, tukiuelekea mto Wami, aliwakusanya karibu na kifua chake, akasema kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa karibu niliisikia kwa shida:

"Wanangu, baba yenu hayuko Muscat. Yuko Tanga. Alifanya kosa, akapelekwa mbele ya hakimu, naye hakimu akaamua akae gerezani kwa muda. Kesho mtamwona. Kosa si lenu, wala hakuondoka kwa sababu yenu."

Msichana alinyamaza. Mdogo akauliza kama gerezani kuna chakula, akaambiwa kipo, akatosheka. Mvulana mkubwa hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kuitazama barabara, kisha akasema:

"Mimi najua, bibi. Najua tangu wiki ile ile."

Alikuwa akijua. Wenzake wa madrasa walikuwa wamekwisha kumpa jina, na jina lenyewe lilikuwa la kosa la baba yake. Kwa mwaka na miezi kadhaa mtoto wa miaka kumi aliisikia aibu hiyo njiani akienda kusoma Juzuu Amma, akarudi nyumbani, akawaambia wadogo zake habari za Muscat ili bibi asiumie. Sisi tuliokuwa tukimsifu kwa utulivu wake msikitini tulikuwa tukisifu mzigo aliobebeshwa.

Wataalamu wa malezi wana maelezo mengi kuhusu kumwambia mtoto ukweli, na yote hurudi kwenye jambo moja ambalo mvulana yule alilithibitisha: mtoto huhisi kuwa kuna kitu kinafichwa, na asipopewa maelezo hujitungia yake. Aghalabu hujitungia yaliyo mabaya kuliko ukweli. Hudhani baba amekufa, au amemchoka, au aliondoka kwa sababu yeye alikuwa mtundu. Na mara nyingi habari humfikia kwanza kwa ulimi wa jirani, ambao haukusudii kumtuliza. Maneno ya bibi yalikuwa machache, lakini yalikuwa na kila kinachohitajika: baba yuko wapi, kwa nini yuko huko, utamwona lini, na kwamba kosa si lako.

Tulivuka Wami, tukapita Mkata na Kabuku, na mashamba ya mkonge yakaanza kujipanga pande mbili za barabara kama safu za wanaoswali. Segera tukaiacha barabara ya Arusha, tukashika ya mashariki kupitia Hale na Muheza. Bibi alinunua machungwa dirishani, akayagawa. Msichana alichukua mawili, akala moja, na jingine akalitia katika mfuko wa gauni. Alipoulizwa akasema ni la baba.

Langoni

Tulilala kwa ndugu wa mjumbe mmoja wa Kamati, Mola amlipe kheri. Asubuhi ya Jumapili tulikwenda gerezani, tukaandikishwa, tukaelekezwa mahali pa kusubiri pamoja na wageni wengine. Walikuwa wengi kina mama na kina bibi. Nilitazama huku na huko nikahesabu wanaume watu wazima, nao hawakufika idadi ya vidole vya mkono mmoja. Jambo hilo lilinikaa moyoni. Mzigo wa gereza, nje ya gereza, unabebwa na wanawake: wao ndio wanaopanga nauli, wao ndio wanaopika, wao ndio wanaojibu maswali ya watoto, na wao ndio wanaokwepa macho ya majirani.

Chungwa halikuingia. Askari alimweleza msichana kwa upole kuwa gereza lina utaratibu wake kuhusu vyakula vya nje, akamrudishia. Mtoto hakulia. Alilishika mkononi muda wote.

Nilisimama kando ili wao wapate nafasi, na mengi waliyoyasema si yangu kuyaandika. Nitaandika mawili tu. La kwanza ni kuwa baba alipowaona alifunika uso kwa mikono miwili, na mkubwa ndiye aliyemwambia, "Baba, tumeshajua, usione haya." La pili ni kuwa dakika zilipokaribia kwisha, baba alimwuliza msichana amefika sura ipi, na msichana akamsomea Suratu Dhuha yote, bila kukosea, hali askari amesimama pembeni. Hakuna aliyemkatiza. Wakati ulikuwa umekwisha kabla ya aya za mwisho, na askari yule alisubiri mpaka akamaliza.

Tulipotoka, mdogo aliniambia kuwa baba amepungua. Kisha akaniambia kuwa baba ana kicheko kile kile. Nadhani hilo la pili ndilo alilolifuata kilomita 350, ingawa hakulijua wakati anaondoka.

Nguzo ya msikiti

Adhuhuri tuliswali katika msikiti mmoja wa mjini. Baada ya sala mvulana mkubwa alikaa nami chini ya nguzo, akaniuliza swali ambalo bila shaka alikuwa nalo tangu asubuhi: je, mtu aliyefungwa anaruhusiwa kuingia msikitini?

Watu wengi hutangulia kumtaja Nabii Yusuf (a.s.) katika jambo hili, na ni kweli kuwa kisa chake ni faraja kwa kila aliyefungwa. Lakini Yusuf hakuwa na kosa, na mtoto yule alikuwa anajua kuwa baba yake amehukumiwa kwa kosa. Faraja isiyolingana na hali haimfikii mtu. Kwa hiyo nilimsimulia habari ya Thumama bin Uthal, mkuu wa kabila la Banu Hanifa kutoka Yamama, kama ilivyopokewa katika Sahihi Bukhari na Muslim. Thumama alikuwa adui. Alipokamatwa, aliletwa Madina na kufungwa katika nguzo ya msikiti wa Mtume (s.a.w.). Mtume alikuwa akimpitia kila siku na kumwuliza hali yake, na siku ya tatu akaamuru afunguliwe. Thumama alikwenda akaoga, akarejea, akasilimu.

Mvulana akauliza, "Kwa hiyo gereza lilikuwa msikitini?"

Nikamwambia, ndiyo. Kwa Thumama, msikiti ndio uliokuwa gereza. Aliwaona watu wakiswali, nao walimwona kila waliposwali.

Nimelifikiri jibu hilo mara nyingi tangu siku ile. Umma wa kwanza haukuwa na njia ya kumsahau mfungwa, maana alikuwa mbele ya macho yao mara tano kwa siku. Sisi gereza letu liko mbali, lina ukuta, na ukuta huo ni haki ya dola kuujenga kwa ajili ya usalama wa watu. Simpingi hakimu wala simlaumu askari. Lakini ukuta humzuia mfungwa asitoke. Haukujengwa ili kumzuia mtoto asimjue baba yake. Kinachomzuia mtoto ni vitu vitatu vilivyo nje ya ukuta: nauli isiyopatikana, uongo unaosemwa kwa huruma, na ulimi wa jirani. Ukuta ni wa Serikali, lakini njia ya kuuendea ni yetu.

Mtoto aliyekabidhiwa

Katika Sahihi Muslim kuna habari ya mwanamke wa kabila la Ghamid aliyemjia Mtume (s.a.w.) akakiri kosa zito, naye ana mimba, akaomba atakaswe kwa adhabu. Mtume alimrudisha mpaka ajifungue. Alipojifungua, akarudishwa tena mpaka amwachishe mtoto kunyonya. Akaja mara nyingine, na mtoto yuko mkononi na kipande cha mkate. Hapo Mtume alimchukua mtoto akamkabidhi kwa mtu mmoja miongoni mwa Waislamu, na baada ya hapo ndipo hukumu ilipotekelezwa.

Wanafunzi wa fiqhi huisoma hadithi hii katika mlango wa adhabu. Naona inafaa isomwe vilevile katika mlango wa malezi. Hukumu ilisubiri zaidi ya mwaka kwa ajili ya mtoto, na haikutekelezwa ila baada ya kupatikana wa kumlea. Riwaya hiyo haikutaja jina la mtu aliyekabidhiwa mtoto, lakini nafasi yake ipo katika kila mji, na katika miji yetu mingi iko wazi.

Qur'ani imerudia katika sura kadhaa, ikiwamo Al-An'am, Al-Israa na Fatir, msingi kuwa kila nafsi hubeba mzigo wake wenyewe, wala haibebeshwi wa mwingine. Sote twaujua kwa ulimi. Lakini pale mtoto anapopewa jina la kosa la baba yake katika baraza ya madrasa, na ustadhi akasikia akanyamaza, msingi huo umevunjwa mbele ya mbao tunazoandikia aya zake. Na Suratul Hujurat imekataza wazi kuitana kwa majina ya kebehi.

Ama upande wa sheria za nchi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumbagua. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Tanzania imeuridhia, unampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuwa na mawasiliano naye mara kwa mara. Nazo Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa awekwe karibu na kwao kwa kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo bibi anayetaka wajukuu wamwone baba yao haombi hisani. Anadai kitu ambacho dini na sheria vimekubaliana juu yake.

Daftari la yatima

Tuliporudi, nililifungua daftari la yatima la msikiti wetu, ambalo mimi kama katibu ndiye mwenye kuliandika. Wamo watoto wanaopata nguo za Idd, ada za madrasa, na futari ya Ramadhani. Watoto wetu watatu hawamo. Kwa istilahi ya fiqhi, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, na baba yao yu hai. Kwa hiyo wamekosa baba nyumbani, na wamekosa pia jina ambalo lingewafungulia mlango wa msaada.

Nikaleta hoja katika kikao kuwa jina la yatima lisiwe mlango pekee. Zaka ina mafungu yake katika Suratu Tawba, na la kwanza na la pili ni mafakiri na masikini. Mtoto wa mfungwa asiye na wa kumlisha anaingia humo bila kuhitaji kufiwa. Tena Suratul Insan, katika kuwasifu watu wema, imewataja pamoja wanaolishwa: masikini, yatima na mateka. Mtoto wa mfungwa amesimama kati ya hao wawili wa mwisho.

Hoja haikupita bila mjadala, na ni haki msomaji aujue. Mjumbe mmoja alisema kuwa kuwasaidia watu hawa ni kuwapa wahalifu utulivu wa moyo. Mwingine akasema kuwa familia iliyodhulumiwa na mtu huyo inaswali nasi, katika safu moja na sisi, na itatuonaje? Hili la pili lilikuwa zito, kwa kuwa ni kweli. Tukaamua kumwendea mwenyewe, mzee aliyepoteza mali yake, na kumweleza kabla hajasikia kwa wengine. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mimi sitachangia. Lakini sitapinga. Watoto hawakuingia dukani kwangu."

Sikutaraji zaidi ya hapo, wala sidhani tulikuwa na haki ya kutaraji zaidi. Haki ya aliyedhulumiwa iko pale pale. Kumsaidia mtoto hakuifuti wala hakuipunguzi. Na msikiti unaomkumbuka mtoto wa mfungwa ukamsahau aliyeibiwa, nao umepima kwa mizani yenye upande mmoja. Kwa sababu hiyo Kamati iliazimia katika kikao kile kile kumtazama na mzee huyo kwa kadiri ya uwezo wake.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu

Naandika yaliyoafikiwa ili misikiti mingine iyapime, maana magereza ni mengi na hakuna mtaa usio na mtoto wa namna hii.

Kwanza, tumeanzisha mfuko mdogo wa nauli. Safari ni mbili kwa mwaka kwa kila familia, moja kabla ya Ramadhani na nyingine baada ya Idd. Mjumbe mmoja mwanamme husindikiza, ili kina bibi wasiende peke yao, na huulizia mapema siku na taratibu za gereza husika.

Pili, walimu wa madrasa wameelekezwa kuwa kumwita mtoto kwa kosa la mzazi ni utovu wa adabu unaoadhibiwa kama mwingine. Hali kadhalika msaada hautatolewa kwa kuwapanga watoto hawa mstari mbele ya watu wala kwa kuwapiga picha. Hupelekwa nyumbani, kwa mlezi, kimya kimya.

Tatu, barua. Baina ya safari na safari mtoto huandika, na baba hujibu kwa utaratibu wa gereza. Ripoti ya shule hupelekwa nakala yake. Baba aliye gerezani ameondolewa uhuru wake. Hajaondolewa ubaba wake, na mtoto anayeulizwa na baba yake alama za hesabu anajua kuwa bado ana wa kumjibu.

Nne, mlezi. Bibi wa miaka sitini na kitu anayelea watoto watatu naye anahitaji kulelewa. Kina mama wa msikiti wamepanga zamu ya kukaa na watoto siku anayokwenda kliniki, na pale mambo yanapozidi uwezo wetu, kama mtoto anapoacha kula au kuacha kusema, tunamwendea Ofisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Kuomba msaada wa mtaalamu si upungufu wa tawakkul.

Tano, siku ya kutoka. Kifungo kina mwisho, na baba atarudi katika nyumba ambayo watoto wamekua bila yeye. Atahitaji kazi, na atahitaji safu ya kuswalia ambayo watu hawaondoki anapokuja kusimama. Hilo haliandaliwi siku anapoteremka kwenye basi.

Yapo ambayo hatujayapatia njia. Mtoto ambaye kesi ya baba yake haijakwisha, na ambaye hawezi kuambiwa baba atarudi lini kwa sababu hakuna ajuaye, ana mashaka ya aina yake. Na watoto ambao mzazi aliyefungwa ni mama huwa na hali ngumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi baba naye huondoka. Kamati imeanza na wale iliowafikia.

Barua ya kwanza imekwisha kwenda Maweni. Mkubwa ameandika kurasa mbili kwa hati nzuri. Msichana amemweleza baba yake kuwa chungwa lilikuwa tamu, na kwamba walilila wote watatu njiani wakati wa kurudi. Mdogo hajui kuandika, kwa hiyo amechora basi, na madirishani ameweka vichwa vitano. Nilipomwuliza wa tano ni nani, maana tulikwenda bibi, mimi na wao watatu na yeye hajajichora, alisema ni baba, na kwamba yeye mwenyewe amekaa mapajani kwake ndiyo maana haonekani.

Safari ya pili, inshallah, ni mwezi wa Shawwal. Mfuko wa nauli uko kwa mhazini, na daftari la pili limekwisha funguliwa pembeni ya lile la yatima.

Wabillahi tawfiq.